Siku Kama ya Leo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
kabla ya bei ya maziwa na hali ya hewa,
mimi, Alphonsine Cloutier, husoma tarehe.
Dakika mbili. Mwaka wa ishirini na sita huu,
juu ya duka la misumari, jimbo la Vermont,
mbele ya kipaza sauti kinachonuka kahawa ya jana.
Kadi zangu zimo katika boksi la viatu,
na hata ishirini na tisa Februari ina yake,
japo haina jipya: ghala liliungua, ng'ombe waliokolewa.

Leo ni tarehe nane Julai.

Siku kama ya leo, mwaka 1777,
wanaume wamekaa kwenye nyumba ya wageni pale Windsor
wakivutana juu ya katiba,
mara ikaja habari kuwa ngome ya Ticonderoga imeanguka.
Viti vikasukumwa. Kila mtu akamkumbuka mkewe, akazikumbuka nguruwe zake.
Ndipo, wanasimulia, mbingu ikafunga mlango:
radi, na mvua ya kutomwona farasi wako mwenyewe.
Wakarudi kuketi. Wakapiga kura wakingoja kukauka.
Hapo huwa natania: jimbo letu lilizaliwa
kwa kukosa mwavuli.

Kadi inaendelea: *Wakapiga marufuku utumwa.* Nukta.
Miaka kumi na tisa niliisoma nukta ile
kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Kisha akapanda ngazi binti wa shule, Zipporah Tuttle,
viatu vimejaa matope, mkononi nakala ya kifungu chenyewe:
mwanamume, akishatimiza ishirini na mmoja;
mwanamke, akishatimiza kumi na minane.
"Na mwenye kumi na saba?" akaniuliza.
Sikuwa na kadi ya mwenye kumi na saba.
Nilimwona tu, jioni ile, nje ya mlango,
akisikia vigelegele vya ndani,
akiambiwa awashike farasi, mvua inanyesha.

Tangu hapo naisoma nukta kama mkato,
kisha nanyamaza sekunde tatu.
Meneja anadhani ni mitambo.

Mwaka 1816: baridi kali, jani la hindi jeusi kama utambi.
Kiangazi kiliahidi, hakikutokea.
Watu wakafungasha, wakaelekea magharibi,
na milango waliyoiacha wazi ilijifunga yenyewe kwa upepo.

Ipo nyingine ambayo siisomi.

Babu yangu Télesphore alichonga makaburi ya granite,
majina ya watu, malaika, mikungu ya zabibu.
Vumbi la jiwe likamkalia kifuani, punje kwa punje,
hata akawa anakohoa mlima.
Alikufa 1931, usiku wa kuamkia tarehe tisa.
Tarehe tisa iliamka. Yeye hakuamka.
Rafiki yake, aliyemchongea jiwe, akaandika *9*,
kwa kuwa asubuhi ndipo alipopata habari,
na granite haina kifutio.
Bibi alikuwepo. Alisema saa ya ukutani ilikuwa bado haijagonga.
Kwake ilikuwa nane, akaishika nane hadi naye akafa.

Nani basi anayetoa tarehe?
Aliyekuwepo, au mwenye patasi?

Leo nimemsoma. Kwa mara ya kwanza.
Baada ya baridi, kabla ya maziwa, maneno kumi na moja:
*Télesphore Cloutier, mchonga mawe, alikufa leo. Si kesho, kama jiwe lisemavyo.*
Simu haikulia. Mwanga mwekundu uliendelea kuwaka.

Kisha hali ya hewa: Jumamosi, mawingu.
Mvua kubwa inakuja Jumatatu, itazameni mito.
Nikazirudisha kadi, na vidole, kwa mazoea tu,
vikagusa ya keshokutwa, tarehe kumi:
mstari mmoja juu, daraja fulani lilifunguliwa,
na chini yake karatasi nyeupe, pana,
kama bonde ambalo bado halijaambiwa.